Mikesha Minne Chini ya Nyota: Kiongozi Hodari, Kalenda Mbovu

Mwezi Julai nilijiunga na safari ya mikesha minne ya kutazama nyota, jangwani, katika kizio cha kusini cha dunia. Iliandaliwa na kampuni ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa baadhi ya malalamiko yangu dhidi yake ni mazito. Nilichokilipia ni malazi, usafiri, na kikao cha muda wa saa tatu kila usiku pamoja na kiongozi aliyesomea elimu ya falaki, mbele ya darubini yenye kioo cha kipenyo cha sentimita 40. Kiongozi alistahili kila senti niliyoitoa. Tarehe nilizouziwa hazikustahili hata thumni.

Nianze na tarehe, maana hapo ndipo safari ya aina hii hupona au huharibika kabla hujafunga mkoba. Kampuni hiyo hupanga safari zake kwa siku za wiki: zote huanza Alhamisi na kumalizika Jumatatu asubuhi. Mwezi haujui Alhamisi. Kutoka mwandamo hadi mwandamo unachukua siku 29 na nusu hivi, na katika muda huo mbingu ile ile hutoka kwenye giza totoro hadi kwenye mwangaza unaokuwezesha kuona kivuli chako mchangani. Tulipowasili, mwezi ulikuwa wa siku nane, umepita nusu kidogo, na kila usiku uliofuata ulizidi kunenepa na kuchelewa kutua kwa muda wa karibu saa nzima. Kwa hiyo tulikuwa tumeuziwa safari inayokwenda kinyume: usiku wa kwanza ndio uliokuwa na giza la kutosha kuliko yote, na wa nne ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Anayepanga safari yake mwenyewe na achague siku zinazoanzia robo ya mwisho ya mwezi na kuishia siku mbili au tatu baada ya mwandamo. Katika siku za mwanzo za kipindi hicho mwezi huchomoza usiku wa manane au baadaye, na katika siku za mwisho hutua mapema jioni, hivyo saa za kawaida za kutazama hubaki na giza.

Nilipomuuliza mhudumu wa ofisi kuhusu jambo hili kabla ya kulipa, alinijibu kwamba mwezi nao ni kivutio. Kusema kweli hakukosea kabisa, ila alijibu swali ambalo sikumwuliza.

Usiku wa kwanza ndipo kiongozi alipojipatia heshima yangu. Badala ya kujifanya kwamba mwezi haupo, aliuelekezea darubini, kwenye ule mstari unaotenga upande wake wenye mchana na upande wenye usiku. Mwezi ukiwa umepita nusu kidogo, jua huwa linaupiga ubavuni penye mstari huo, na kingo za kreta, yale mashimo ya usoni mwake, hutupa vivuli virefu vyeusi ambavyo mwezi mpevu, pamoja na mng'aro wake wote, hauna. Kisha akahamia Rijili Kantori, jirani yetu wa umbali wa miaka ya nuru isiyofika minne na nusu. Kwa macho matupu ni nyota moja kali, lakini ndani ya darubini iligawanyika ikawa mbili, za manjano hafifu, zimekaa bega kwa bega, na kiongozi alitueleza kwamba huzungukana kwa muda wa karibu miaka 80. Nyota pacha hazidhuriwi na mwanga wa mwezi. Kiongozi aliyejua hilo aliokoa kikao ambacho ofisi yake ilikuwa imeshakiharibu.

Kikao hicho kilipokwisha, alituuliza iwapo tungekuwa tayari, kesho yake, kulala mapema na kuamka saa nane usiku, mwezi ukishatua. Ratiba iliyochapishwa haikuwa na kitu kama hicho. Wawili walikataa, kumi na wawili tukakubali.

Usiku ule wa pili ndio unaonifanya niikumbuke safari hiyo. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na mwanga mweupe wa sekunde moja unatosha kulirudisha mwanzo. Mwanga mwekundu haulidhuru sana, ndiyo maana kila mmoja wetu alipewa tochi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu ya plastiki na kuombwa aache simu chumbani. Tulikuwa tumekaa gizani robo saa hivi mtu mmoja alipotaka kutazama saa kwenye simu aliyoificha mfukoni. Mwanga ulimpiga usoni, ukatupiga na sisi. Kiongozi hakumkaripia. Aliketi mchangani, akasema kwa utulivu, "Basi, ndugu zangu, tunaanza kuhesabu upya," na kweli tukaketi naye dakika nyingine 20, huku akituelekeza kwa mdomo tu nyota zilizokuwa magharibi. Nge, kundi la nyota lenye umbo la mdudu huyo, alikuwa anateremka kichwa mbele, na nyuma yake Njia ya Maziwa, ule mkanda wa nuru wa galaksi yetu, ilikuwa imevimba mahali penye kitovu chake, na kupasuliwa katikati na vumbi jeusi ambalo wengi wetu tulidhani ni mawingu.

Halafu tukapanga mstari. Kioo cha sentimita 40 hukusanya mwanga mara nne ya kioo cha sentimita 20, kwa kuwa kinachohesabika ni eneo la kioo. Ndiyo maana tangazo la kampuni lililojisifu kwamba darubini yake "hukuza mara 600" lilinichekesha baadaye. Hewa iliyo juu yetu hutikisika, na usiku mwingi hairuhusu ukuzaji wa kiasi hicho bila picha kugeuka uji. Kiongozi mwenyewe hakupita mara 200. Kupitia darubini hiyo tuliona fungu la nyota lililo kando ya Wingu Dogo la Magellan, ambalo ni galaksi ndogo jirani na yetu: nyota zisizohesabika zimerundikana kama sukari iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi. Nilipumua nikiwa karibu mno na lenzi, ikafunga ukungu, na waliokuwa nyuma yangu wakasubiri hadi ilipofutwa. Kaa mbali kidogo, na upumulie pembeni.

Karibu na alfajiri Kilimia kilichomoza kaskazini mashariki. Kwa kukiona pale nilikumbuka usemi wa wakulima kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kiongozi alituzuia kukitazama kwa ile darubini kubwa, akatugawia darubini ndogo za macho mawili, akieleza kwamba fungu hilo ni pana mno kwa chombo kikubwa na kwamba tungeona kipande chake tu. Alisema kweli. Katika darubini ndogo zilijitokeza nyota kadhaa pale ambapo jicho langu lilikuwa limehesabu sita.

Usiku wa tatu ulipeperushwa na vumbi na mawingu membamba, kikao kikafutwa, tukapewa mhadhara ndani ya ukumbi. Mhadhara ulikuwa mzuri, lakini masharti ya mkataba, niliyoyasoma kwa makini siku hiyo badala ya siku ya kulipa, yalisema kwamba hali ya hewa haimpi mteja haki ya kurudishiwa chochote. Sioni uonevu katika sharti hilo peke yake, kwa kuwa hakuna anayemiliki mawingu. Ila ni sababu tosha ya kutokubali safari ya usiku mmoja tu, hata ikiwa nafuu. Usiku wa nne mwezi ulikuwa umekaa karibu na Nge, umeimeza sehemu yote nzuri ya Njia ya Maziwa, na haukutua hadi alfajiri ilipokaribia.

Zipo kasoro nyingine tatu ambazo si za mwezi. Tulikuwa watu 14 kwa darubini moja, na kila mtu akichukua dakika mbili tu, mstari mmoja humaliza karibu nusu saa kwa kitu kimoja. Uliza idadi ya watu kabla ya kuuliza ukubwa wa kioo. Pili, taa nyeupe ya maegesho ya magari iliwaka usiku wote wa kwanza mita chache kutoka tulipokuwa, na ilifunikwa tu baada ya sisi wageni kulalamika. Kampuni inayouza giza haikupaswa kungoja kuambiwa. Tatu, na hili ndilo lililoniudhi zaidi, tangazo lilisema kwamba eneo hilo limethibitishwa kimataifa kwa weusi wa anga yake. Shirika la DarkSky International, lililoanzishwa mwaka 1988 kwa jina jingine, huweka hadharani orodha ya maeneo liliyoyathibitisha, na humo utayakuta NamibRand ya Namibia na Aoraki Mackenzie ya New Zealand, yote mawili tangu mwaka 2012. Mahali tulipopelekwa hapamo. Giza lake lilikuwa zuri, na lisingehitaji kupambwa kwa uongo.

Picha za tangazo nazo zinahitaji kusomwa kwa tahadhari. Zile nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi yaliyo kati ya nyota, za waridi na samawati zimepigwa kwa kuacha kamera ikikusanya mwanga kwa muda mrefu, ilhali jicho la binadamu gizani hutumia seli ambazo hazitofautishi rangi, na kwa hiyo nebula nyingi huonekana kama moshi wa kijivu. Mama mmoja katika kundi letu alisikitika sana mpaka kiongozi alipomfundisha kutazama pembeni kidogo ya kitu badala ya kukikazia macho, kwa kuwa seli hizo ni nyingi zaidi kando ya kitovu cha jicho. Aliinama tena kwenye lenzi, akanyamaza kwa muda uliopita dakika zake mbili, na hakuna aliyemharakisha.

Niliiandikia kampuni haya yote, isipokuwa hilo la mama. Walinishukuru, wakasema tarehe za msimu ujao zimekwisha kupangwa, zote zikianza Alhamisi. Nimezilinganisha na kalenda ya mwezi: kati ya safari sita, mbili zinaangukia mwezi mpevu, na moja tu ndiyo inayoanza siku mbili kabla ya mwandamo. Hiyo moja nimejiandikisha, kwa sharti kwamba kiongozi awe yule yule.