Puerto Vallarta: hela ya chakula uipeleke wapi, kuanzia pa kwanza mpaka pa mwisho

Kila ikikaribia Desemba napata meseji za watu wa huku Houston wanaokwenda Puerto Vallarta, mji wa pwani ya Meksiko, kupumzika, maana ndege ipo ya moja kwa moja, na swali ni lile lile, dada tukale wapi. Nimeshaenda mara nne, mbili na familia nzima pamoja na wifi yangu ambaye hali nguruwe (hilo nitalirudia maana ni kubwa), kwa hiyo ngoja niandike mara moja niwe nawatumia tu.

Kitu cha kwanza kabla hata ya majina ya sehemu. Msinunue chakula cha siku saba kabla hamjafika. Namaanisha zile pakeji za hoteli ambazo umelipia kila kitu, kitanda, bafe, vinywaji, unavalishwa bangili mkononi basi. Kwa Cancún, ule mji mwingine wa watalii huko Meksiko, labda utaniambia hoteli ziko mbali na mji, sawa, lakini Vallarta ni mji wenyewe, watu wanaishi, watoto wanaenda shule, na chakula kitamu kipo mtaani dakika kumi kutoka ulipolala. Ukishalipia bafe roho inakuuma kula nje, unaishia kula pasta iliyopoa wakati barabarani kuna mtu anachoma samaki. Chukua chumba peke yake, au chumba na chai ya asubuhi, hela inayobaki ndo tuipange hapa.

Halafu kule chakula kinafuata saa. Hili lilinichukua safari mbili kulielewa. Asubuhi ni supu ya nyama, mchana ni vya baharini, usiku ni taco za nyama (taco ni tortilla, chapati ndogo laini ya mahindi, yenye kitu ndani), ukiligeuza unakula kilichobaki au unakuta pamefungwa. Sehemu nyingi za samaki zinafunga saa kumi na moja jioni hivi, na mlo mkubwa wa siku wao wanakula saa nane mpaka saa kumi alasiri, sio usiku.

Haya, namba moja kwangu, na sibishani na mtu, ni marisquería, yaani vibanda na migahawa ya vya baharini ya mchana. Sio ile ya ufukweni yenye vitambaa vyeupe, nasema ile yenye viti vya plastiki na chupa sita za pilipili mezani. Anza na ceviche, samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu. Sasa ceviche ya upande huu wa Jalisco, jimbo ulipo mji huu, sio ile ya vipande vikubwa mliyozoea kuona kwenye picha, hapa samaki anasagwa laini kabisa, anachanganywa na karoti iliyokwaruzwa, kitunguu, giligilani na ndimu nyingi, anapakwa juu ya tostada, ile chapati ndogo ya mahindi iliyokaushwa inalia kachu ukiiuma. Baada ya hapo aguachile, kamba wabichi kwenye ndimu na pilipili ya kijani na matango, asili yake jimbo la Sinaloa huko juu, na pilipili yake haina mchezo, mtu wa Tanga nimelelewa na achari ya ndimu nikatoa machozi. Mjue tu kwamba ndimu inabadilisha rangi ya samaki lakini haiui vijidudu kama moto, kwa hiyo mjamzito au mtu mwenye tumbo jepesi aruke hapo aagize cha moto, na hata wewe mzima kula vibichi mahali penye foleni na uvile mapema, saa sita saba, sio saa kumi na moja.

Cha moto chenyewe ni pescado zarandeado. Samaki mzima anapasuliwa anafunguka kama kitabu, anapakwa rojo jekundu la pilipili kavu, anabanwa kwenye wavu anachomwa juu ya mkaa. Ukila utakumbuka samaki wa kupaka, tofauti huku hamna tui. Anauzwa kwa kilo, kwa hiyo mwambie akupimie na akutajie bei kabla hajaenda jikoni, hii sio kumuona mwizi, wenyewe wanafanya hivyo. Samaki wa kilo moja na nusu watu watatu mnashiba.

Kwenye taco za samaki kuna Marisma, kibanda cha mtaa wa Naranjo upande wa Zona Romántica, mtaa wa zamani wa mji, samaki au kamba wa kukaangwa na unga, unakaa kwenye stuli unaangalia mwenyewe wanavyotumbukiza kwenye mafuta. Na siku ya kuja au kuondoka kuna Tacón de Marlín karibu na uwanja wa ndege, unavuka daraja la waenda kwa miguu na begi lako unakula burito la marlin wa kuokwa moshi, samaki wa jamii ya sulisuli, kubwa kiasi kwamba sisi tulikata nusu tukapanda nayo kwenye ndege. Chakula cha ndani ya uwanja ni ghali na hakina ladha, huo ndo ushauri wangu wa siku ya mwisho.

Namba mbili nimeziweka pamoja birria ya asubuhi na taco za usiku. Birria ni ya Jalisco, wanajivunia kama sisi tunavyojivunia pilau, asili yake ni mbuzi ingawa mjini sehemu nyingi wanapika ng'ombe, ukitaka mbuzi uliza chivo. Nyama inapikwa taratibu na pilipili kavu na viungo mpaka inachambuka, unapewa na supu yake kwenye bakuli, unamwagia kitunguu kibichi, giligilani, ndimu. Mtu yeyote aliyewahi kunywa supu ya mbuzi na chapati saa mbili asubuhi pale kwetu akifika hapo anajiona yuko nyumbani, haki ya Mungu, mume wangu hakutaka kula kitu kingine asubuhi tano mfululizo. Lakini wahi, saa sita mchana sufuria inaweza kuwa tupu.

Usiku ni taco al pastor. Hii ni kumbukumbu ya Walebanoni waliohamia Meksiko na shawarma yao, Wameksiko wakabadilisha nyama wakaweka nguruwe na wakapaka pilipili na achiote, kiungo chekundu cha mbegu. Sehemu maarufu ni Pancho's Takos mtaa wa Basilio Badillo, wanafungua jioni na foleni inaanza kabla. Msiione foleni mkaondoka, simameni karibu na mkataji muone kazi. Mnara wa nyama mwekundu unazunguka mbele ya moto, juu kabisa amechomeka nanasi. Mkono wa kushoto ana tortilla kiganjani, wa kulia kisu kirefu, anashuka na ukingo wa nyama vipande vyembamba kama karatasi vinadondokea kwenye tortilla, halafu bila hata kuangalia anapandisha ncha ya kisu anadokoa nanasi, kipande kinaruka hewani, anakidaka na taco ile ile. Niliangalia taco ishirini nzima hakukosa hata moja. Mtaani taco moja ilikuwa inacheza kwenye peso 20 mpaka 35, wanne wetu tunashiba na hela ambayo ufukweni inanunua sahani moja.

Sasa la nguruwe, na wenye msimamo wa halali hapa msome vizuri. Al pastor ni nguruwe, carnitas ni nguruwe, chorizo nguruwe, hayo yanajulikana. Yanayowaponyoka watu ni manteca, mafuta ya nguruwe, yanaingia sana kwenye maharage ya kupondwa, kwenye tamales (unga wa mahindi unaopikwa kwa mvuke ndani ya majani), na mara nyingi kwenye tortilla za ngano. Tortilla za mahindi kwa kawaida hazina. Kamba nao wana mtego wao, wale waliozungushiwa utepe wa nyama, hiyo ni tocino, bekoni ya nguruwe. Wifi yangu alijifunza maswali mawili tu ya Kihispania na yakamtosha safari nzima: "¿Lleva puerco? ¿Lleva manteca?", yaani kina nguruwe, kina mafuta ya nguruwe Na wanajibu kwa ukweli, mama mmoja sokoni alimwambia haya maharage usile mwanangu, akamchemshia mayai badala yake. Asada ni nyama ya ng'ombe lakini mara nyingi inachomwa bati moja na nguruwe, na kuchinjwa hakuna aliyesoma bismillahi, kwa hiyo yeye alibaki na samaki na kamba siku zote saba na hakuwahi kulalamika hata siku moja.

Namba tatu ni mama ntilie wao, wanaita fonda. Hapa ndo pa kwenda mkiwa na watoto au bajeti imebana. Ingia saa nane mchana, kuna comida corrida, mlo kamili wa mchana, unapewa supu, wali, chakula chenyewe cha siku, tortilla za moto zinazofunikwa kitambaa, na jagi la maji ya matunda, ya ukwaju au ya rosela, yote bei moja. Pale soko la mto Cuale panda ngazi za juu, chini wanauza zawadi za watalii lakini juu kuna meza za akina mama wanapika. Menyu ni ubao tu, elekeza kidole. Mitaa ya 5 de Diciembre na Pitillal nayo imejaa hizi, na Versalles siku hizi kumefunguliwa migahawa mizuri kibao ya bei ya kati, haina bahari ndo maana haijapanda bei sana.

Namba nne, samaki wa kijiti ufukwe wa Los Muertos. Pescado embarazado, ukitafsiri moja kwa moja ni samaki mjamzito, lakini wenyewe wanasema ni maneno yamegongana tu, en vara asado, aliyechomwa kwenye kijiti. Ni mishkaki ya samaki au kamba, ndimu na pilipili ya chupa juu. Kama kitu cha kutafuna ukiwa mchangani safi kabisa, kama mlo hapana, na angalia kama kinachomwa mbele yako au kilichomwa asubuhi kikatembezwa juani. Maembe mabichi yenye pilipili na chumvi pia yapo, mtoto wangu aliyezaliwa Marekani aliona ajabu, mimi nikakumbuka geti la shule.

Namba tano ni mgahawa mkubwa wa usiku mmoja, na nimeuweka chini sio kwa ubaya wa chakula ila kwa bei yake. La Palapa ipo mchangani hapo hapo Los Muertos tangu 1959, Café des Artistes ni ya mpishi Thierry Blouet tangu 1990, ukiwa na harusi au miaka kumi ya ndoa nenda, weka nafasi mapema hasa Novemba wakati wa tamasha lao la mapishi. Kwa sisi tuliozoea jua kuchomoza baharini, kukaa mezani uone linazama baharini ni kitu kingine kabisa, na jua mnalilipia, kwa hiyo msifike limeshazama.

Za mwisho ni zile za kwenye Malecón, njia ya kutembea kando ya bahari, zenye mtu mlangoni anakuvuta na menyu. Sio zote mbaya ila bei ni ya mandhari. Hapo ndo niliumia safari ya kwanza: kijana kaleta mashine ya kadi, imeuliza dola au peso, nikabonyeza dola maana akaunti yangu ni ya dola, kumbe wanatumia kiwango chao wenyewe cha kubadilisha hela, nikalipa zaidi. Bonyeza peso siku zote. Na mkiona alama ya $ kwenye menyu msishtuke, kule ndo alama ya peso, sahani ya $180 sio dola mia na themanini, ila penye mashaka uliza. Tipu ni asilimia 10 mpaka 15, kisheria ni hiari, angalia kama wameshaiweka kwenye bili wakiandika propina au servicio usije ukatoa mara mbili. Bili yenyewe hawaleti mpaka uiombe, kwao kukuletea hujaomba ni kama kukufukuza. Na yule mtu wa barabarani anayekuahidi chai ya asubuhi ya bure hotelini, anauza timeshare, yaani haki ya kutumia chumba cha likizo kwa zamu kila mwaka, utakaa masaa unasikiliza, hiyo chai ni ghali kuliko zote nilizotaja.

Malecón nendeni kwa ajili ya tuba, kinywaji. Kuna wazee wanatembea na kibuyu kikubwa begani, anakumiminia kwenye glasi kinywaji cha rangi ya waridi, juu anaweka tufaha lililokatwa na karanga. Nilivyoonja mara ya kwanza nilisimama, nikamwambia mume wangu hili ni tembo la mnazi. Na kweli ni utomvu wa mnazi unagemwa juu kama kwetu, jina na ufundi vilikuja na Wafilipino kwenye meli za Manila karne nyingi zilizopita. Inauzwa mbichi, tamu, haijachacha, watoto wanakunywa. Nilimuonyesha mzee kwa ishara mgema anavyopanda, kamba miguuni, kisu kiunoni, akacheka akaniongezea glasi hakutaka hela.

Mkipata siku ya ziada pandeni boti gati la Los Muertos mwende Yelapa, kijiji cha pwani, ufukweni kuna akina mama wanatembea na beseni kichwani wanauza pai, chukua ya nazi. Ulizeni boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi kabla hamjashuka.