Lori Kuukuu la Jeshi kwa Safari za Porini: Lipi Ununue Ukiwa na Bajeti Ndogo

Mtu anayetafuta gari la kupita kwenye tope, mchanga na mawe bila kutumia fedha nyingi hukutana mapema na malori ya jeshi yaliyostaafishwa. Bei ya mnada huvutia, kwa sababu lori ambalo magurudumu yake yote yanavuta, lililohudumiwa kwa ratiba na mafundi wa serikali, na ambalo mara nyingi limetembea kilomita chache kuliko pikapu ya kiraia ya umri huohuo, linaweza kuuzwa kwa fedha isiyotosha kununua hata Land Cruiser iliyochoka. Hata hivyo, bei hiyo ni sehemu tu ya gharama. Matairi, breki, spea na usafirishaji ndivyo vinavyomaliza bajeti, na kwa sababu hiyo malori yaliyo hapa yamepangwa kwa kigezo kimoja: ni lipi linalohitaji kubadilishwa kidogo zaidi kabla ya kufaa kwa safari. Nguvu ya injini na sura ya gari vimewekwa nyuma kabisa.

Kwanza mnunuzi ajue malori haya yanapatikana wapi, na kama sheria ya nchi yake inamruhusu kuyaingiza. Nchini Ujerumani, kampuni ya serikali ya VEBEG, iliyoko Frankfurt, huuza magari ya Bundeswehr, yaani jeshi la Ujerumani, kwa zabuni ambazo hata mtu binafsi anaweza kushiriki. Nchini Uingereza, magari ya jeshi hupitia kwa wauzaji walioingia mkataba na Wizara ya Ulinzi. Nchini Marekani, mengi huuzwa mtandaoni kupitia GovPlanet, na mnunuzi anapaswa kuhakikisha atapewa fomu ya SF-97, kwa kuwa bila karatasi hiyo usajili wa barabarani huwa mgumu mno. Msomaji aliyeko Kenya anakabiliwa na katazo la kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka 8 na yale yenye usukani wa kushoto, kwa hiyo atafute lori ambalo tayari liko nchini. Tanzania haijaweka katazo la umri la namna hiyo, lakini gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake, na hesabu hiyo ifanywe kabla ya kupeleka zabuni, si baada ya lori kufika bandarini Dar es Salaam.

Nafasi ya kwanza: Leyland DAF T244

Hili ni lori la tani 4 ambalo jeshi la Uingereza lilinunua mwanzoni mwa miaka ya 1990 lichukue nafasi ya Bedford, nalo likaanza kuondolewa malori ya MAN yalipoingia kazini mwishoni mwa muongo wa 2000. Halina mvuto wa Unimog, lori la nafasi ya pili hapa chini, na halipigwi picha nyingi, jambo linalosaidia kuiweka bei yake chini. Usukani uko kulia, magurudumu yote manne yanavuta, kabini inainuka yote ili fundi aifikie injini, na bodi ya nyuma ni ndefu kiasi cha kubeba kitanda, tangi la maji na mapipa ya mafuta bila kukata chuma chochote.

Sababu kubwa ya kuliweka juu ni injini yake. Ni Cummins 6BT ya lita 5.9, silinda 6 na tabo, yenye nguvu za farasi takribani 145, inayotumia pampu ya dizeli ya kimakanika isiyotegemea kompyuta. Injini za ukoo huohuo zimefungwa kwenye malori ya Tata na Dongfeng, kwenye jenereta na kwenye mitambo ya ujenzi, kwa hiyo fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Grogan, Nairobi, hatashangaa akiiona, na gasketi, nozeli au pampu ya maji haitahitaji kuagizwa kutoka Ulaya. Ina kasoro moja ambayo kila mnunuzi aiulizie. Ndani ya kava ya gia za taimingi kuna kipini kidogo cha chuma, ambacho mtikisiko wa miaka mingi unaweza kukilegeza hadi kikatoka mahali pake na kuangukia kwenye gia, na hapo injini nzima inaweza kupotea. Dawa yake ni ya bei ndogo: fundi hufungua kava ya mbele, hukigonga kipini kirudi mahali pake, kisha hukizuia kwa kibati kinachobanwa na boliti iliyo jirani. Muuzaji akisema kazi hiyo imeshafanywa, aonyeshe risiti; akikosa risiti, ihesabiwe kuwa haijafanywa.

Udhaifu wa T244 ni makelele ndani ya kabini, mwendo wa polepole barabarani, na uzito unaozidi tani 7.5 likiwa na mzigo kamili, hivyo huko Ulaya hata leseni ya daraja C1, inayoishia tani 7.5, haitoshi.

Nafasi ya pili: Unimog U1300L

Kama bajeti si ndogo sana, hili lingekuwa la kwanza bila ubishi. Bundeswehr ililitumia kama lori la tani 2 na gari la wagonjwa, likiwa na injini ya Mercedes OM352 ya lita 5.7 na nguvu za farasi 130. Ekseli zake zina gia za ziada ndani ya hubu ya kila gurudumu, mpangilio unaoiinua ekseli yenyewe juu ya kitovu cha tairi, kwa hiyo difu haigongi jiwe ambalo lingekwamisha lori la kawaida. Difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zinafungika, springi zake ni za koili, na lori hili linavuka maji yenye kina cha mita 1.2. Hakuna cha kuliongezea. Anayelinyanyua zaidi kwa springi ndefu anatumia fedha kuliharibu.

Tatizo ni kwamba sifa hizo zinajulikana na bei imepanda kufuata sifa. Injini ilitumika pia kwenye malori ya kiraia ya Mercedes kama 911 na 1113, kwa hiyo spea zake hupatikana, lakini spea za ekseli na gia boksi ni ghali. Unapolikagua, pitisha mkono nyuma ya kila gurudumu. Ukikuta oili mbichi iliyochanganyika na vumbi, sili za hubu zimekwisha, na kuzibadilisha zote nne ni kazi ya siku kadhaa gereji. Faida moja iliyobaki ni ya kisheria: mengi yamesajiliwa chini ya tani 7.5, hivyo leseni ya daraja C1 inatosha Ulaya, na nchini Uingereza waliopata leseni ya gari kabla ya tarehe 1 Januari 1997 kwa kawaida tayari wanayo.

Nafasi ya tatu: Pinzgauer 710M

Lilitengenezwa na Steyr-Daimler-Puch mjini Graz, Austria, kuanzia mwaka 1971, na jeshi la Uswisi lililitumia kwa miongo kadhaa. Ni dogo, lina uzito wa takribani tani 2 likiwa tupu, na linapita penye miti iliyokaribiana ambako malori mengine katika orodha hii yangekwama kwa upana wake tu. Difu zake zinafungwa kwa mkono wakati gari linaendelea kwenda. Anayetaka gari la mwisho wa wiki, la watu wawili na mizigo kidogo, alichukue hili na aache kusoma yaliyobaki. Kwa safari ndefu kwenye joto halifai sana: injini ya petroli ya lita 2.5 inapozwa kwa hewa, iko katikati ya viti vya mbele, na abiria huhisi moto wake miguuni. Spea ni za kuagiza tu.

Nafasi ya nne: Bedford MK na MJ

Wengi waliosafiri Afrika Mashariki miaka ya nyuma wameliona, kwa kuwa kampuni za kusafirisha watalii kwa malori zilinunua Bedford za jeshi la Uingereza, zikaweka viti na turubai, na kuzileta Kenya na Tanzania. MK ilianza mwaka 1970 ikiwa na injini ya lita 5.4, na MJ ikafuata katika miaka ya 1980 ikiwa na tabo. Ni lori sahili kuliko yote yaliyotajwa: springi za pasi, gia 4, na mifumo ambayo fundi wa kijijini anaielewa kwa kuitazama. Limeshuka hadi nafasi ya nne kwa sababu kiwanda hakipo tena. General Motors iliuza biashara ya malori ya Bedford mwaka 1987, na kampuni iliyoinunua, AWD, ilifilisika mwaka 1992, kwa hiyo spea ni zile zilizobaki maghalani na zinazong'olewa kwenye malori mabovu. Ukilipata likiwa zima na liko tayari nchini, hasa Kenya, ambako kuingiza jingine hakuwezekani, lipande hadi nafasi ya kwanza.

Nafasi ya tano: M35A2 la Marekani

Hili ndilo linalowavuta watu kwa sura, na ndilo linalohitaji tahadhari zaidi. Ni lori la tani 2.5 lenye magurudumu sita yanayovuta, uzito wa karibu tani 6 likiwa tupu, na injini ya lita 7.8 iliyobuniwa ikubali mafuta ya aina nyingi. Sifa hiyo ya mwisho imewaponza wengi, kwani watu huimiminia oili chafu ya injini nyingine wakiamini wanaokoa fedha, kisha wanatumia fedha hiyohiyo kununua filta na kusafisha pampu. Ipewe dizeli.

Jambo la kutopuuzwa ni breki. Mfumo wake wa asili ni wa mafuta ya breki yanayosukumwa kwa msaada wa upepo, na mfereji wa mafuta ni mmoja kwa magurudumu yote. Mpira mmoja wa kupitisha mafuta hayo ukipasuka kwenye gurudumu lolote, pedali inakwenda mpaka chini na lori zima linabaki bila breki ya mguu. Breki ya mkono inakaba propela tu, na haikuundwa kusimamisha tani 6 zinazoteremka mlima. Kwa hiyo mnunuzi abadilishe mipira yote ya breki kabla ya safari ya kwanza, hata ile inayoonekana mizuri, na kama fedha zinaruhusu, afunge silinda kuu yenye njia mbili zinazojitegemea.

Marekebisho yanayopendwa Marekani ni kuondoa ekseli moja ya nyuma na kufupisha chesisi ili lori libaki na magurudumu manne. Linapendeza, linakata kona vizuri, lakini uwezo wa kubeba unapungua na kazi ya kuchomelea chesisi si ya fundi wa kawaida. Kwa mwenye bajeti ndogo, rekebisho lenye maana zaidi ni kuacha matairi pacha ya nyuma na kufunga moja moja pana, kwa kuwa mawe hayatakwama tena kati ya pacha, na tairi za nyuma zitafuata mkondo ule uliochimbwa na za mbele.

Fedha iliyobaki iende wapi

Nusu ya bajeti ibaki mfukoni baada ya kununua. Matairi ndiyo yatakayoimeza kwanza. Lori la jeshi lililokaa ghalani huwa na tairi zenye meno marefu kama mapya, na hapo ndipo wanunuzi hudanganyika. Angalia ubavuni mwa tairi penye herufi DOT: tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, yaani 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Kisha likunje kidogo ubavu kwa kidole gumba; nyufa nyembamba zikifunguka, tairi hilo ni la kutupwa. Ulizia pia aina ya rimu. M35A2 na Bedford nyingi zina rimu za vipande zenye ringi ya kufungia, na ringi isiyokaa sawasawa inaweza kuruka wakati wa kujaza upepo na kuua. Fundi wa pancha alifunge tairi kwa mnyororo au aliweke ndani ya kizimba, na atumie mpira mrefu akiwa amesimama kando.

Baada ya matairi na breki, badilisha oili zote, pamoja na za difu na hubu, kwa sababu sili zilizokauka ghalani huanza kuvuja lori likipata kazi. Umeme wa malori haya kwa kawaida ni volti 24. Usichukue volti 12 za redio au friji kwenye betri moja kati ya mbili, kwani betri hizo zitachajiwa visivyo sawa na moja itakufa mapema. Funga kibadilisha umeme cha kushusha volti.

Anayetaka kujenga chumba nyuma aelewe kwamba chesisi hizi zimeundwa zijipinde, tairi moja ikipanda kichuguu na nyingine ikishuka shimoni. Chumba kigumu kilichobanwa moja kwa moja kwa boliti kitapasuka, au kitaipasua chesisi. Kikalie juu ya fremu yake yenye nukta tatu za kushikia, au boliti zenye springi, na vitu vizito viwekwe chini.

Rangi ya madoadoa ya kijeshi ifutwe kabla lori halijaingia barabarani Kenya, Tanzania au Uganda, ambako raia kuvaa sare za aina hiyo ni kosa na askari wa kizuizi cha barabarani hatakuwa na subira na lori linalofanana nazo. Winchi iwe ya mwisho kununuliwa. Kwa kiasi cha fedha ileile utapata koleo mbili, mbao za kutanguliza chini ya tairi, kamba imara ya kuvutia, kipima upepo na kompresa, na kwenye mchanga kupunguza upepo wa tairi hukwamua malori mengi kabla winchi haijahitajika.