Kifurushi cha siku ya kuondoka kwa makundi ya wanafunzi: lipia stoo na msindikizaji, matembezi achana nayo

Mawakala wa safari za masomo hupenda kuuza siku ya mwisho kama kifurushi kimoja: stoo ya mizigo, matembezi mafupi mjini, basi la uwanja wa ndege na msindikizaji. Kwa kundi la watu 40, vinavyostahili pesa yako hapo ni viwili tu.

Cha kwanza ni stoo. Hoteli nyingi hutaka vyumba vikabidhiwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, na ndege yenu huenda ikaondoka usiku. Stoo ya maana ni chumba kinachofungwa kwa ufunguo, kila begi likiwa na namba inayolingana na orodha ya majina. Kona ya mapokezi iliyotandazwa wavu si stoo. Kuacha mabegi kwenye buti la basi kutwa nzima ni hatari zaidi, maana dereva naye hushuka kwenda kula.

Cha pili ni msindikizaji, na hapa ndipo mawakala wanapotofautiana. Wengine hushusha kundi mlangoni wakaaga. Anayestahili malipo hubaki hadi mwanafunzi wa mwisho apite ukaguzi. Piga hesabu: tiketi za kundi mara nyingi hazikubali kucheki-in mtandaoni, kwa hiyo kila mtu hupita kaunta. Dakika 2 kwa mtu, kaunta moja, watu 40: saa 1 na dakika 20. Kaunta za safari za kimataifa kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuruka. Msindikizaji mzoefu huwahi kuomba kaunta ya pili na hupanga pasipoti kwa mpangilio wa orodha.

Wakala makini huleta mizani ya kuning'iniza hotelini usiku wa kuamkia safari. Kama kikomo ni kilo 23, komea 22, kwa sababu mizani hizo hupishana kidogo na ya kaunta. Wanafunzi wengi hudhani kilo za kundi hujumlishwa. Hazijumlishwi, mpaka mkataba useme hivyo. Begi la zaidi ya kilo 32 kwa kawaida halipokelewi hata ukilipia. Asali na manukato ya zawadi yaingie begi kubwa: kwenye begi la mkononi viwanja vingi bado vinaruhusu chupa za mililita 100 tu. Pawabenki ni kinyume chake, hubaki mkononi. Ya mAh 20,000 (kama wati-saa 74) hupita. Ya 30,000 huvuka wati-saa 100 na huhitaji kibali cha shirika la ndege.

Matembezi? Foleni moja ya barabarani hula muda wote mlioutenga kwa kaunta, na nusu ya kundi huwa imeshachoka.

Kabla ya kusaini, uliza jambo moja ambalo vifurushi vingi havilitaji: ndege ikichelewa kwa muda wa saa 5, msindikizaji anabaki au zamu yake imekwisha?