Vitamu vya mara moja moja kwa aliyekata sukari: erithritoli, stevia, chokoleti na tende

Aliyekata sukari na kupunguza wanga hasumbuliwi sana na siku za kawaida. Mayai, samaki, mchicha na parachichi huzoeleka mapema. Taabu ni Idi, ni harusi, ni saa kumi jioni chai iko mkononi na sahani ya kashata iko mezani. Madukani sasa kuna rafu nzima ya vitu vinavyoahidi utamu bila sukari, na bei zake ni mara kadhaa ya sukari ya kawaida. Vilivyopimwa hapa ni vinne vinavyopatikana kwa urahisi zaidi: erithritoli ya chenga (kitamu kinachofanana na sukari kwa macho), stevia (kitamu kinachotokana na majani), chokoleti iliyoandikwa "bila sukari", na chokoleti nyeusi ya asilimia 85 kwenda juu. Tende imeongezwa mwishoni kwa sababu haiepukiki. Kila kimoja kimeangaliwa kwa ladha, kwa kinachofanyika ndani ya damu na tumboni, na kwa tabia yake jikoni.

Erithritoli ndiyo iliyo bora kati ya hivi, lakini lazima ieleweke. Utamu wake ni kama asilimia 60 hadi 70 ya ule wa sukari, gramu moja ina kalori 0.2 tu, na haipandishi sukari ya damu, kwa kuwa sehemu kubwa yake hufyonzwa na utumbo mwembamba kisha hutoka na mkojo bila kubadilika. Kwenye hesabu ya wanga, iandikie sifuri. Kasoro zake ni tatu na zote hujitokeza jikoni. Haibadiliki rangi kuwa kahawia hata ukiipika, kwa hiyo usiisubiri iwe kama sukari iliyoungua. Ikiyeyuka mdomoni huleta ubaridi kama wa mnanaa. Na haipendi kukaa ndani ya maji: kwenye joto la chumba, gramu 100 za maji hubeba gramu 37 hivi, na inayozidi hapo hugeuka chenga tena.

Hiyo ya tatu ndiyo inayoharibu shira. Watu huchemsha erithritoli na maji, wakapata shira nzito ya kupendeza ikiwa ya moto, wakamwagia kaimati, na baada ya saa moja kaimati zimefunikwa magamba meupe yanayokwaruza ulimi. Kuichemsha zaidi hakusaidii, kunaongeza magamba. Zaidi ya hapo, kaimati yenyewe ni ngano. Kubadilisha shira na kuacha unga ni kuondoa nusu ya tatizo, na unga wa lozi hauumuki kwa hamira ukatoa tonge lenye hewa ndani. Hamira nayo hailishwi na erithritoli. Ushauri wetu ni kuiacha kaimati katika orodha ya vitu vinavyoliwa vya kweli, mbili au tatu, siku yake ikifika, kuliko kuila ya bandia isiyomridhisha mtu.

Kashata za nazi ni habari nyingine. Hapa erithritoli inafanya kazi vizuri hasa, kwa sababu kashata inataka kitu kinachoganda. Chukua nazi komavu iliyokunwa gramu 200, erithritoli gramu 100, samli kijiko kikubwa kimoja, maji vijiko vikubwa vitatu, chumvi robo ya kijiko cha chai, iliki punje tano zilizotwangwa, na matone machache ya stevia. Saga kwanza erithritoli kwenye blenda kavu mpaka iwe unga laini. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayopunguza ule mkwaruzo. Kisha kaanga nazi peke yake kwenye moto mdogo, ukigeuza mfululizo kwa dakika nane hadi kumi, mpaka ikauke na kuanza kuwa ya dhahabu. Rangi na harufu ya kashata lazima vitoke kwenye nazi, maana erithritoli haitavitoa. Iweke nazi pembeni. Katika sufuria hiyohiyo tia erithritoli, maji, samli na chumvi, pasha mpaka iwe angavu, rudisha nazi na iliki, na songa mpaka mchanganyiko uanze kuachia sufuria. Epua, dondoshea stevia, tandaza kwenye sinia lililopakwa samli kwa unene wa sentimita moja, na ukate papo hapo vipande 16. Usingoje ipoe. Ikishaganda hupasuka ovyo kama kioo badala ya kukatika.

Ikikataa kuganda, maji yamebaki mengi. Irudishe motoni dakika chache. Ikiwa inamung'unyika, nazi imekaushwa kupita kiasi; ongeza kijiko cha tui zito na uipashe upya. Usiiweke kwenye friji, kwa sababu baridi huongeza chenga na ule ubaridi wa mdomoni huwa mkali zaidi. Chombo chenye kifuniko, mezani, siku mbili. Samli na chumvi si mapambo hapa: mafuta huchelewesha erithritoli kuyeyuka juu ya ulimi, na chumvi huongeza utamu.

Utamu wa kashata hizi ni kama theluthi mbili ya zile zilizopikwa kwa sukari gramu 150. Kwa mtu aliyekata sukari wiki kadhaa unatosha kabisa, maana ulimi hujirekebisha. Tuangalie hesabu. Nazi mbichi ina wanga gramu 15 hivi kwa kila 100, na 9 kati ya hizo ni nyuzinyuzi. Gramu 200 zinaacha wanga gramu 12 za kuhesabu, ukigawa kwa 16 ni chini ya gramu moja kwa kipande. Kipande cha sukari kingekuwa na gramu kumi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko nyingine yoyote kwenye tathmini hii, na ndiyo sababu tunaipendekeza kashata kabla ya kitu chochote cha kununua. Kwa wanaofikiria kubadilisha nazi na korosho: korosho zina wanga gramu 30 kwa 100, karibu mara mbili ya karanga. Karanga au ufuta ni chaguo bora.

Kiasi bado kina maana. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya iliweka kikomo cha erithritoli kuwa nusu gramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, ili kuepusha kuharisha. Mtu wa kilo 60 anafika gramu 30, na vipande vinne vya kashata zilizoelezwa hapa vina gramu 25. Mwaka huohuo utafiti wa Cleveland Clinic uliochapishwa katika jarida la Nature Medicine ulikuta watu wenye erithritoli nyingi kwenye damu wakipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Utafiti huo unaonyesha mambo mawili yakienda pamoja, hauthibitishi kwamba moja limeleta jingine, na mwili wenyewe hutengeneza erithritoli kidogo. Hata hivyo, katika sehemu yake nyingine, watu waliokunywa gramu 30 kwa mkupuo walibaki na kiwango cha juu damuni zaidi ya siku mbili. Mwenye historia ya moyo au kiharusi aongee na daktari wake kwanza, na yeyote yule aiache iwe ya sikukuu, isiwe ya kila kikombe.

Kwa kila kikombe kuna stevia. Utamu wake unazidi wa sukari mara 200 hadi 300, ndiyo maana matone ni bora kuliko unga: unga safi unaolingana na kijiko cha sukari haupimiki kwa mizani ya jikoni. Kwa chai ya rangi yenye tangawizi au mchaichai, anza na matone mawili, koroga, onja, ndipo uongeze. Kosa la kawaida ni kutafuta utamu uleule wa vijiko vitatu vya sukari. Stevia ikizidi huacha uchungu wa majani nyuma ya ulimi, na kuongeza matone huongeza uchungu kuliko utamu. Kwenye chai ya maziwa uchungu huo hujitokeza zaidi, ila tangawizi nyingi na chembe ya chumvi huufunika. Na usisahau kuwa maziwa yenyewe yana sukari yake, karibu gramu 5 kwa kila mililita 100. Vikombe vitatu vya maziwa matupu kwa siku ni wanga wa kutosha kuharibu hesabu hata kama hukutia kitu.

Vipakiti vidogo vya kutia kwenye chai vinataka jicho la karibu. Kipakiti cha gramu moja cha stevia au sukralosi (kitamu cha viwandani) mara nyingi kimejazwa dekstrosi au maltodekstrini ili kionekane kimejaa, na vyote viwili ni wanga unaopanda haraka. Kimoja hakina neno. Vinane kwa siku ni karibu gramu nane. Vyenye aspatemu, kitamu kingine cha viwandani, vina shida nyingine: joto la muda mrefu huivunja, kwa hiyo ukiitia kwenye chupa ya chai asubuhi, jioni utakuta utamu umepungua. Tia kikombeni.

Sasa chokoleti ya "bila sukari", na hapa hatuna neno jema la kusema. Geuza paketi usome nyuma. Nyingi zimepikwa kwa maltitoli (kitamu cha jamii moja na erithritoli), ambayo pia huandikwa E965. Ladha yake ni nzuri mno, asilimia 90 ya utamu wa sukari, haina ubaridi, na ndiyo maana viwanda vinaipenda. Lakini inapandisha sukari ya damu kwa karibu theluthi ya glukosi, na ikiwa katika hali ya sharubati hata nusu. Kanuni salama ni kuhesabu nusu ya gramu zake kuwa wanga. Paketi ya gramu 100 yenye maltitoli 40 inakuachia wanga gramu 20 kabla ya kuhesabu maziwa na vinginevyo. Kisha tumbo: kuanzia gramu 30 au 40 wengi hupata gesi, kukatwa na tumbo na kuharisha. Sheria za Ulaya zinalazimisha onyo hilo kwenye chakula kilichotiwa vitamu vya jamii hii zaidi ya asilimia 10, na maandishi yake huwa madogo. Ukiona E968 ni erithritoli, E960 ni stevia, E967 ni zailitoli. Zailitoli ina utamu sawa na sukari na shira yake haigandi kirahisi, ila ina kalori 2.4 kwa gramu, na nyumba yenye mbwa isiiweke kabisa, kwani ni sumu kwake hata kidogo.

Kuna kosa la kusoma lebo linalowapotosha hata wazoefu. Paketi za Marekani huandika wanga wote, nyuzinyuzi zikiwa ndani, hivyo unazitoa. Paketi za Ulaya huandika wanga nyuzinyuzi zikiwa zimeshatolewa. Ukizitoa tena umejidanganya, na bidhaa zote mbili zinakaa rafu moja Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi.

Chokoleti nyeusi ya asilimia 85 ina sukari ya kweli, isiyofichwa: kinachobaki baada ya kakao ni asilimia 15, na karibu yote ni sukari. Kipande cha gramu 10 hakizidi gramu moja na nusu. Vipande viwili baada ya chakula, vikiachwa viyeyuke mdomoni bila kutafunwa, vinaridhisha kuliko paketi nzima ya maltitoli. Kwa aliyetoka kwenye chokoleti ya maziwa, asilimia 90 itamshinda. Aanze na 70 na apande polepole. Joto la pwani huiyeyusha, kisha ikiganda upya huota utando mweupe. Huo ni mafuta ya kakao, si ukungu, na inalika.

Tende haina mbadala, wala haihitaji kutafutiwa. Ndogo kavu ya gramu 8 ina sukari kama gramu 5. Tende kubwa ya aina ya Medjool, moja ya gramu 24, ina 16, sawa na vijiko vinne vya chai. Anayefuturu kwa tende achague ndogo, na moja nayo ni witiri. Baada yake iwe supu au samaki, si sambusa na tambi. Kitamu kingine chochote cha kweli kiliwe mwisho wa mlo wenye nyama, samaki au mboga, kamwe tumbo tupu, kisha tembea dakika 15. Mwenye glukomita (mashine ya kupima sukari ya damu) apime kabla, baada ya saa moja, na baada ya saa mbili, na anawe mikono kwanza: kidole chenye masalia ya kashata hutoa namba ya kutisha isiyo ya kweli. Uzito ukipanda kilo moja kesho yake, sehemu kubwa ni maji, kwa kuwa kila gramu ya wanga inayowekwa akiba mwilini hushikilia karibu gramu tatu za maji.

Kwa wanaotumia insulini au glibenklamidi (dawa za kisukari), sukari ya kweli isiondolewe nyumbani kabisa. Jasho la ghafla, kutetemeka na kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka, na hapo erithritoli na stevia hazisaidii chochote. Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Mtungi huo wa sukari uwekwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, na uandikwe jina wazi, usije ukachanganywa na wa erithritoli, kwa sababu kwa macho vinafanana kabisa.