LOQ 15IRX9 au TUF Gaming A15: kadi ya picha moja, mashine mbili

Lenovo LOQ 15IRX9 na ASUS TUF Gaming A15 ya 2023, ile yenye namba ya modeli FA507NV, humlenga mnunuzi yuleyule: mtu anayetaka kucheza gemu za sasa kwa 1080p bila kupanda hadi daraja la Legion au ROG. Zote hupatikana na GeForce RTX 4060 ya laptopu yenye GB 8 za GDDR6. Zote ni za inchi 15.6 na skrini ya 144Hz, zina nafasi mbili za RAM ya DDR5 na nafasi mbili za M.2 kwa ajili ya SSD. Ukizisoma haraka kwenye orodha ya sifa utadhani ni pacha. Zikiwashwa, LOQ ni mashine ya mezani inayobebeka ikibidi, na TUF ni mashine ya kwenye begi inayocheza gemu vizuri. Mengi yanayofuata hapa yanatokana na tofauti hiyo moja.

Tuanze na jambo linalobishaniwa kuliko linavyostahili: wati za kadi ya picha. ASUS huiachia 4060 hadi wati 140, yaani 115 za kawaida na 25 za nyongeza zinazoazimwa kutoka kwa prosesa inapokosa kazi nyingi. Lenovo huishia 115. Wauzaji hulipigia debe pengo hilo la wati 25, lakini kwenye kadi hii lina faida ndogo. Chipu yake, AD107, hugonga kikomo cha volteji kabla ya kuzila wati zote 140. Katika gemu nyingi utaikuta ikila 100 hivi hata inapofanya kazi kwa asilimia 99. Fremu zinazoongezeka ni chache, na macho hayazioni.

Pengo lenye maana ni kati ya 4060 na 4050. Ya pili ina GB 6 na njia ya kumbukumbu ya biti 96, ilhali ya kwanza ina GB 8 na biti 128. Gemu ikihitaji kumbukumbu kuliko iliyopo kwenye kadi, haipungui kasi taratibu. Inakatika-katika, na kuta na nguo za wahusika hubaki na ukungu sekunde kadhaa kabla ya kujichora sawasawa. Na hapa jina kubwa kwenye boksi halikusaidii: LOQ 15IRX9 huuzwa pia na 4050, na TUF ya FA507NU ni 4050 wakati FA507NV ni 4060. Kwa TUF soma herufi ya mwisho, kwa LOQ soma jina la kadi, kabla ya kulipa.

Prosesa ndiyo inayozitenganisha mashine hizi. LOQ hutumia Intel ya kizazi cha 13, familia ya HX, ambayo kimsingi ni chipu ya kompyuta ya mezani iliyobanwa ndani ya laptopu: i5-13450HX yenye viini 10 (vikubwa 6, vidogo 4) au i7-13650HX yenye viini 14 (vikubwa 6, vidogo 8). TUF hutumia Ryzen 7 7735HS ya AMD, viini 8 vya muundo wa Zen 3+, chipu ya 2022 iliyorudishwa sokoni kwa jina jipya. Kwa gemu nzito kwa kadi ya picha, mfano Cyberpunk 2077 kwenye mipangilio ya juu, hutaona tofauti, maana prosesa zote mbili zinakaa zikiisubiri kadi. Kwa Counter-Strike 2, Valorant, au gemu za kujenga miji na kusimamia majeshi makubwa, LOQ huongoza waziwazi. Huko fremu huamuliwa na kasi ya kiini kimojakimoja.

Ukiamua LOQ, i5 inatosha kwa gemu. Viini vikubwa ni 6 kwenye zote mbili. Kinachoongezeka kwenye i7 ni viini vidogo vinne, MB 4 za L3 (kumbukumbu iliyomo ndani ya prosesa) na GHz 0.3 za kasi ya juu. Hayo yana faida kwa mtu anayehariri video au kukompaili programu kila siku. Kwa mchezaji, tofauti ya bei iende kwenye RAM.

HX hiyohiyo inayoshinda mezani hushindwa mashine ikichomolewa kwenye umeme. LOQ ina betri ya 60Wh na prosesa isiyojua kutulia. TUF ina 90Wh na Ryzen inayopunguza matumizi vizuri unapoandika au kusoma. Piga hesabu: mashine ikila wati 15, 60Wh ni saa 4 na 90Wh ni saa 6. Hiyo ni kabla ya kuhesabu kwamba HX hula zaidi kwa kazi ileile. Mwanafunzi anayepitisha siku nzima kwenye vipindi asijidanganye kwamba atakumbuka kutafuta soketi. Kwa upande mwingine, hakuna kati ya hizi inayocheza gemu kwa betri kwa maana yoyote ya kujivunia. Kadi hupunguziwa umeme, na Battery Boost ya NVIDIA ikiwa imewashwa, fremu hufungwa chini zaidi. Wengi huita hilo kuwa ni ubovu na kuirudisha mashine dukani. Si ubovu, betri haiwezi kutoa wati zinazohitajika.

Zote hupokea chaji kwa USB-C: TUF hadi wati 100, LOQ hadi 140. Ni nzuri kwa safari na kazi za ofisi, ila si kwa gemu. Ukicheza kwenye chaja ya wati 100, mashine itajibana au itaanza kula betri huku imechomekwa. Kwenye TUF angalia pia unachomeka wapi. Kuna matundu mawili ya USB-C: moja ni USB4, na linalopokea chaji ni lile jingine.

RAM ni mahali ambapo mashine nzuri huharibiwa kabla ya kufika mikononi mwako. Matoleo mengi ya bei nafuu huja na kijiti kimoja, cha GB 8 au 16. Kijiti kimoja humnyima prosesa nusu ya upana wa njia ya kumbukumbu, na kinachoumia zaidi si wastani wa fremu bali zile fremu za chini kabisa, kwa hiyo mchezo huonekana wa kasi lakini unaruka-ruka. Dawa ni vijiti viwili vinavyofanana. Kwa DDR5, usinunue viwili vya GB 8 ukiweza kumudu viwili vya 16. Vijiti vya GB 8 hujengwa kwa chipu nne pana (vimeandikwa 1Rx16 kwenye lebo), vikiwa na nusu ya makundi ya kumbukumbu yaliyomo kwenye 1Rx8, na hivyo hufanya kazi polepole hata kasi iliyoandikwa ikiwa ileile. Nunua DDR5-4800 au ya juu zaidi ya aina ya SO-DIMM. Ya juu itashuka yenyewe hadi kasi ambayo mashine inaikubali.

Kazi yenyewe ni ya nusu saa. Kabla ya yote, hakikisha una ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la data kwenye diski) umehifadhiwa nje ya mashine, kwani Windows inaweza kuudai ukibadili vifaa. Zima kabisa, chomoa chaja, fungua skrubu za chini kwa bisibisi ndogo ya nyota, na uzipange mezani kwa umbo la mashine ilivyo. Urefu wake unaweza kutofautiana, na skrubu ndefu ikiingia tundu fupi hutoboa mahali pa kuwekea mkono. Inua mfuniko kwa kadi ya plastiki, si kwa bisibisi. Kitu cha kwanza kuchomoa ndani ni kiunganishi cha betri. Kijiti cha RAM huingia kikiwa kimelala upande, kama nyuzi 30, kisha unakibonyeza chini hadi vibanio viwili vilie. Rudisha betri, funga, chomeka chaja, washa.

Halafu usiguse kitu. Mara ya kwanza baada ya kubadili DDR5, mashine hupima na kujipangia kumbukumbu mpya. Skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa, feni zinazunguka, hakuna kinachotokea. Watu huogopa, hushikilia kitufe cha kuzimia, na kuanza upya mzunguko uleule. Ipe dakika kumi kamili kabla ya kuamua kwamba kijiti ni kibovu.

Skrini ya TUF inahitaji macho mawili. Jina hilohilo la A15 limeuzwa na paneli nzuri ya asilimia 100 ya sRGB (kipimo cha rangi ambazo skrini inaweza kuonesha), na pia na paneli ya mwangaza wa niti 250 inayofikia asilimia 62.5 tu. Ya pili hufanya nyekundu ionekane kama tofali lililofifia na hukosa mwanga kwenye chumba chenye dirisha. Ukiona maandishi „45% NTSC“ kwenye orodha ya sifa, ndiyo hiyo. Kwa LOQ nayo, dai muuzaji akuoneshe „100% sRGB“ kwa maandishi. Ikiwa utacheza kwenye monita ya nje tu, hili lisikuumize kichwa. Zote zina HDMI 2.1, na zote hukuruhusu kuzima kadi ya picha ya ndani ya prosesa ili kadi ya NVIDIA iendeshe skrini moja kwa moja: Lenovo kupitia Vantage, ASUS kupitia Armoury Crate.

Mpangilio wa matundu unaonesha tena nani alibuniwa kwa ajili ya wapi. LOQ imeyaweka mengi nyuma: umeme, HDMI, waya wa mtandao. Mezani inapendeza, nyaya zote zinapotea nyuma ya kioo. TUF imeyapanga karibu yote kushoto, kwa hiyo upande wa mausi unabaki huru lakini kushoto kunakuwa na msitu. Kibodi za zote zina sehemu ya namba. Vitufe vya TUF vinazama milimita 1.7, vya LOQ 1.5, anayeandika sana atahisi. TUF ina kilo 2.2, LOQ inakaribia 2.4, na kwa zote mbili ongeza tofali la chaja kabla ya kusema „ni nyepesi“.

Stika zisikuyumbishe. Chipu ya AI ya Lenovo kazi yake kubwa ni kugawa umeme kati ya prosesa na kadi, kazi ambayo wenzake hufanya bila kuitangaza. MIL-STD-810H ya ASUS ni vipimo vya mitikisiko, joto na unyevu; haimaanishi ukimwagia chai itapona.

Joto: i7 na i5 za HX huruhusiwa kufika nyuzi 100, Ryzen hii 95, na zote zitakaribia huko ukiwasha hali ya juu kabisa. Hilo peke yake si hitilafu. Hitilafu ni kasi kuporomoka ghafla na kupanda tena kila baada ya sekunde chache. Inua nyuma ya mashine sentimita 2 au 3 ili feni zipate hewa ya chini, kisha tumia hali ya katikati badala ya ile ya juu: kwenye LOQ ni Fn+Q hadi taa iwe nyeupe, kwenye TUF ni „Performance“ badala ya „Turbo“. Utapoteza fremu chache na utaacha kusikia ndege ikiruka. Ukiwa mezani kila siku, weka pia kikomo cha chaji cha asilimia 80, kwenye Vantage au MyASUS. Betri iliyojaa inayokaa juu ya joto la gemu huchakaa upesi.

Kwa hiyo: mashine itakaa mezani siku sita kati ya saba, na unacheza gemu za ushindani, LOQ ya i5 na 4060. Itaingia kwenye begi kila asubuhi, TUF, ila kwa sharti la paneli ya asilimia 100. Ukikuta TUF ya paneli duni dhidi ya LOQ ya 4050, acha zote na subiri.

Siku ya kwanza, muda wa kurudisha ukiwa bado upo, fungua NVIDIA Control Panel, ukurasa wa taarifa za mfumo, usome jina la kadi na kiwango cha juu cha wati. Fungua programu ya CPU-Z uone vijiti vya RAM ni vingapi. Jaza skrini kwa rangi nyeusi, nyeupe, nyekundu, kijani na bluu, moja baada ya nyingine, ukitafuta pikseli iliyokufa. Kisha cheza gemu nzito dakika 30 mfululizo huku programu ya vipimo ya HWiNFO ikirekodi, na uangalie wati za kadi katika dakika ya 5 na ya 30. Zikiwa zimeshuka sana wakati gemu na sehemu ya mchezo ni ileile, irudishe na boksi lake lote.