Al-Qaeda na Dola la Kiislamu: shina moja, njia mbili

Wengi huyachanganya makundi haya, ingawa yalitengana kwa uhasama. Al-Qaeda ilianzishwa Peshawar, Pakistan, mwaka 1988, na Osama bin Laden pamoja na wenzake waliopigana na majeshi ya Kisovieti nchini Afghanistan. Baadaye ikamlenga "adui wa mbali", yaani Marekani. Gharama tulilipa sisi wa Afrika Mashariki, iliposhambulia balozi za Marekani huku kwetu. Agosti 7, 1998, jijini Nairobi, watu walikimbilia madirishani kuchungulia baada ya mshindo wa kwanza. Bomu lenyewe lilipolipuka, vioo viliwapasua macho. Walikufa 213 pale na 11 Dar es Salaam, wengi wao wananchi wa kawaida waliokuwa kazini au njiani.

Dola la Kiislamu lilichipuka Iraq, kwenye kundi la Abu Musab al-Zarqawi, aliyemlia bin Laden kiapo cha utii mwaka 2004. Hili halikuwa na subira: lilitaka ardhi, kodi na mahakama papo hapo, na liliwachinja hata Waislamu, hasa Mashia. Al-Qaeda ililikana Februari 2014. Juni likaiteka Mosul na kutangaza ukhalifa. Lakini mwenye ardhi anajulikana alipo, na Machi 2019 ngome yake ya mwisho, Baghouz nchini Syria, ilianguka.

Al-Qaeda ilikwisha kujigawa matawi. Al-Shabaab ilijiunga nayo rasmi mwaka 2012. Mtindo huo naona ni wa hatari zaidi, na sasa Dola nalo linaufuata, kuanzia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, hadi mashariki ya Kongo.