Fremu ya kaboni kwa mtu mrefu: angalia shingo ya foki kabla hujatoa hata shilingi

Mdogo wangu ana mita 1.94, na mguu wake ukipima kwa ndani mpaka chini ya kisigino ni sentimita 95. Mwaka jana tulimnunulia baiskeli ya kaboni ya mtumba kule Mombasa, elfu tisini na tano, tukapanda nayo basi mpaka Malindi roho zetu kwatu. Fremu saizi 60, unaiinua kwa vidole viwili, rangi haina mkwaruzo. Wiki ya kwanza akaenda nayo Watamu, safari ambayo kwenda na kurudi haifiki hata kilomita hamsini, na pale Gede akanipigia simu kwamba vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi na shingo haigeuki. "Dada, hii baiskeli yanikunja."

Tukasema basi tuinue usukani, si kazi kubwa. Jioni nikafungua kifuniko cha stemu, kile kipande kinachounganisha usukani na foki, pale uani na tochi ya simu, nikaona maajabu. Shingo ya foki, yaani lile bomba linalotoka kwenye foki likapita ndani ya kichwa cha fremu likatokeza juu ndio stemu ikashika, ilikuwa imekatwa kwa msumeno wa chuma. Nyuzi za kaboni zimefumuka kama ncha ya kamba ya katani, na ndani mtu amepigilia nati ya nyota kwa nyundo. Ile nati ni ya mabomba ya chuma na alumini. Kwenye kaboni meno yake yanachimba ukuta kwa ndani, na nilipopitisha kidole nilihisi mifereji miwili imeingia kabisa. Kaboni inatakiwa ile plagi ya kutanuka, unaikaza kwa spana ya L inabana ndani taratibu bila kuchimba. Chini ya stemu hakuna pete hata moja, zile za kuinulia usukani, juu pia hakuna. Aliyekuwa nayo kabla yetu alitaka usukani ukae chini kabisa kama wa mashindano, akakata, na wakati wa kuuza hakuna aliyefungua mdomo.

Tangu siku hiyo kila mtu akiniuliza kaboni gani mtu mrefu anunue, mimi siulizi uzito, siulizi gia ngapi. Nauliza shingo ya foki imebaki milimita ngapi. Manake watu wote wanaangalia namba ya fremu, 60, 61, 62, wanaridhika, na namba haikwambii usukani utafika wapi.

Fuata hesabu hii pole pole, hapa ndipo watu warefu wanaumia kuliko wengine. Foki nyingi za kaboni hutoka kiwandani na shingo ya milimita 300 hivi. Fremu ya mtu mrefu kichwa chake peke yake chaweza kufika 210 au 220. Weka beringi na kifuniko chake, tuseme 15. Stemu inashika 40. Ukijumlisha kwa kichwa cha 220 tayari uko 275, umebakiwa na 25 tu za kuweka pete, na hapo foki ni mpya haijaguswa na mtu. Sasa mwenye fremu ndogo akikata sentimita tatu bado shingo yake ina maisha, lakini kwa fremu ya 61 au 62 akikata hizo tatu amemaliza kila kitu. Na huwezi kuunga. Shingo ya kaboni haiungwi, vile vipande vya kurefusha vinavyouzwa ni vya shingo za chuma na alumini, fundi akikwambia atakuunganishia mshukuru uondoke. Kugeuza stemu kichwa chini kunasaidia kidogo, stemu ya milimita 110 yenye pembe ya digrii 6 ukiigeuza unapata kama sentimita mbili, na mdogo wangu alihitaji zaidi ya nne.

Kwa hivyo ukitumiwa picha, usikubali ile ya baiskeli nzima imeegemea ukuta mbele ya bahari. Taka picha mbili: ya kwanza kutoka ubavuni, karibu, ionyeshe stemu na pete zote za juu na za chini, ya pili kifuniko kimetolewa unaona ndani. Pete zikiwa juu ya stemu ni habari njema, ina maana shingo bado iko, imeteremshwa tu. Lakini pia zisizidi, makampuni mengi yanaweka mwisho wa milimita 30 mpaka 40 za pete chini ya stemu kwa shingo ya kaboni. Muuzaji akikataa kutoa kifuniko, ambacho ni skrubu moja ya dakika moja, mimi sinunui.

Sasa madaraja yangu ya baiskeli zenyewe, na sifichi napenda nini.

Namba moja ni Trek Émonda SL, toleo la 2021 kuja juu, saizi 60 au 62. Naipenda na nitaitetea popote. Kwanza Émonda hii inafika mpaka 62 kweli kweli, wengi wanaishia pale kwenye XL halafu wanakwambia inatosha. Pili, na hili kwa sisi wa pwani ni kubwa, haina bomba la kiti linaloingia ndani ya fremu. Fremu yenyewe imepanda juu na kile cha kushikia kiti kinavaa kwa nje kama kofia, kofia zenyewe kuna fupi ya milimita 135 na ndefu ya 175, mtu mrefu anachukua ndefu. Wewe unayekaa Malindi unajua upepo wa kusi unavyoleta chumvi mpaka ndani ya kabati. Bomba la kiti la alumini ndani ya fremu ya kaboni, pakiingia maji ya chumvi, linashikamana kama limechomelewa, nimeona moja ambayo ilibidi ikatwe. Kofia ya nje hata ikigoma unaifikia. Tatu, kuanzia toleo hilo beringi za krenki, ile mikono ya pedali, zinafungwa kwa nyuzi kama skrubu, mfumo unaoitwa T47. Zile Émonda SL za zamani zilikuwa za mfumo wa BB90, beringi inasukumwa moja kwa moja kwenye kaboni, tundu likishalika hakuna dawa ya maana. Hizo za zamani hata kama ni bei ya kutupa ziache. Émonda ilipotoka 2014 ile ya juu kabisa nzima nzima ilikuwa kilo 4.65, chini sana ya kilo 6.8 ambazo UCI, chama cha baiskeli cha dunia, wanataka kwenye mashindano, lakini usijitese kutafuta hizo, SL inakutosha. Na juu ya uzito kumbuka, gramu wanazotangaza mara nyingi ni za saizi ya katikati kama 56, si za 62.

Namba mbili Specialized Aethos, ile ya 2020, saizi 61. Ya juu, S-Works, fremu gramu 585 kwa saizi 56, zipo za chini yake zina uzito zaidi na bei ya mwanadamu kidogo. Ninachokipenda hapa ni kwamba nyaya hazipiti ndani ya beringi za kichwa. Hii watu wanaipuuza. Siku hizi baiskeli nyingi mabomba ya breki yanapita ndani ya stemu na kichwa, sasa ukitaka kuongeza pete moja tu ya nusu sentimita fundi afungue breki, atoe mafuta, na mara nyingi akute bomba lenyewe lilikatwa fupi halifiki. Aethos unalegeza boliti, unainua, unakaza, umemaliza. Bomba la kiti ni la mviringo, milimita 27.2, linapatikana popote, krenki ya nyuzi. Ingekuwa ya kwanza kama si bei na hilo bomba la kiti kuingia ndani, kwa hivyo weka la kaboni, paka ile pesti ya kaboni yenye chenga, na kila miezi miwili litoe ulifute.

Tatu Canyon Endurace CF. Imekaa juu mbele, saizi zinafika 2XL, mtu mrefu anakaa vizuri bila pete nyingi. Shida ni kwamba wanauza moja kwa moja kutoka Koblenz Ujerumani, huna duka la kwenda kupanda ujaribu, unalipa mzigo, unalipa ushuru na VAT ya asilimia 16, na ukikosea saizi umekosea. Ya mtumba ukiipata ni sawa, pima shingo tu.

Nne Giant TCR. Ni baiskeli nzuri, sitaki kusema uongo, ila kwa mtu mrefu ina mitego miwili. Toleo la Advanced SL bomba la kiti limeungana na fremu na linakatwa kwa kipimo cha mnunuzi wa kwanza, akiwa mfupi kuliko wewe basi ni ile ile habari ya shingo, sasa mara mbili. Na matoleo ya Advanced Pro na Advanced SL ya miaka mingi yana shingo nene juu, inchi moja na robo, OverDrive 2, kwa hivyo stemu ya kawaida ya inchi moja na moja ya nane haivai. Hiyo stemu ya kwake tafuta Malindi uniambie umeipata wapi.

Za Kitaliano nazitaja kwa sababu tuko Malindi na Wataliano wetu wakihama wanauza. Bianchi Infinito ya 61 ikitokea ichukue, inakaa juu na haichoshi. Colnago angalia namba zao, zile zenye s mwishoni, 52s kwao ni kama 56 ya wengine, sasa ukisoma 58s usiikimbie ukidhani ndogo. Na usimsikilize anayekwambia ukae chini kama Ganna. Filippo Ganna, mwendesha baiskeli wa Italia, ana mita 1.93 na Oktoba 2022 alikimbia kilomita 56.792 kwa saa moja pale Grenchen, Uswisi, juu ya Pinarello iliyochapwa kwa printa ya 3D. Alikaa vile kwa saa moja. Wewe waenda Mambrui na kurudi, upepo wa kichwa tangu daraja la Sabaki.

Za bei rahisi sina mengi. Kaboni isiyo na jina sinunui kwa mtu wa kilo tisini. Kama hela haitoshi chukua Émonda ALR ya alumini yenye foki ya kaboni, na shingo ni ile ile ya kupimwa.

Vifaa vingine haraka. Urefu wa kiti anza na mguu mara 0.883, kwa mdogo wangu inakuja kama sentimita 84 kutoka katikati ya krenki, halafu unarekebisha. Krenki milimita 175, seti ya Shimano 105 wanayo. Usukani upana sentimita 44. Tairi milimita 28, na 32 kama fremu inapitisha, kwa sababu ya zile kingo za lami zilizoliwa. Rimu za kaboni sawa, ila sema kwa mdomo wako unataka niplo za shaba, zile nati ndogo zinazoshika spoki kwenye rimu, za alumini kwa chumvi hii zinageuka unga mweupe ndani ya rimu na kukatika moja moja, unaongeza gramu chache unapata miaka. Boliti zote za kaboni spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, nyingi ni 5 Nm, imeandikwa hapo hapo kwenye stemu. Fundi anayesema mkono wake unajua, mkono wake umezoea blakimamba, zile baiskeli nzito za chuma.

Halafu wauzaji. Huyu wetu nilimpigia usiku ule ule. Nikamwambia kaka, hii foki imekatwa na imepigiliwa nati ya nyota, ni hatari, mtu anaweza kubaki na usukani mkononi kwenye mteremko. Akaniambia, "Dada si uliiona ukaikubali, weka stemu ndefu." Stemu ndefu! Stemu ndefu inampeleka mbele, haimpandishi juu. Nikamtumia picha, alama mbili za buluu, kimya, kesho yake nimezuiwa. Na hawa hawa ndio wakisikia unatoka Malindi au Lamu bei inapanda elfu kumi pale pale, wanajua umelipa nauli hutarudi mikono mitupu. Ukiuliza stack ya fremu ni ngapi, yaani kimo kutoka usawa wa krenki mpaka juu ya kichwa cha fremu, namba ambayo iko wazi kwenye jedwali la kila kampuni, wanakujibu "hii ni ya mtu mrefu, inua kiti." Kuinua kiti ndiko kunakomzidishia kuinama! Kiti kikipanda na usukani umebaki chini, uzito wote unamwangukia kwenye viganja, ndio vile vidole vinakufa. Miaka yote mtu mrefu hapa kwetu anauziwa baiskeli ya mtu wa kimo cha kawaida iliyovutwa kiti, na analipa bei ya kaboni.

Émonda yake ya 62 tumeipata mwezi uliopita, shingo nzima, pete sentimita tatu na moja iko juu ya stemu. Ameshafika Gongoni kwenye mashamba ya chumvi na kurudi, jioni akashika kikombe cha kahawa kwa mkono wa kushoto bila kulalamika. Ile fremu ya kwanza iko ukumbini nauza, fremu tupu bila foki. Foki nimeikata vipande viwili mwenyewe, kwa msumeno wa chuma, isije ikampata mtu mwingine.